Aya Niliyoiondoa Kwenye Kitabu cha Kijiji

Siku inayonirudia kuliko siku zote za ujana wangu, mwanangu, ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa sita, saa nane mchana, jikoni kwa mzee mmoja Mjerumani huko Farsta, pembezoni mwa Stockholm. Nilikuwa nimeshika kitabu, nikisoma kwa sauti maneno ambayo hayakuwemo kitabuni. Mzee hakuona, kwa kuwa macho yake yalikuwa yamekwisha. Mama yangu alikuwepo, lakini hakujua Kijerumani. Nikadhani nimepona.

Nakuusia kama mzee, ingawa sijazeeka. Bado nabishana na kila mtu, kuanzia mchungaji wetu hadi daktari wa meno. Lakini umeniambia umepata nafasi chuo kikuu na unataka kusoma historia, na katika sauti yako nilisikia ile raha ya mtu anayesubiri kuwakamata wengine kwenye uongo. Naijua raha hiyo. Kwa hiyo ngoja nikueleze aibu yangu mapema, kabla hujapata ya kwako.

Tulitoka Uvira, Kongo, nikiwa mdogo, mama na mimi. Baba alifariki njiani wakati wa kukimbia. Tulipofika Stockholm tukapewa nyumba Rinkeby, na baada ya miaka ya kufagia maofisi mama akapata kazi ya kuwahudumia wazee majumbani mwao. Katikati ya miaka ya elfu mbili, mimi nikiwa mwaka wa pili chuoni, alipangiwa mzee aitwaye Anton. Kila asubuhi mama alipanda treni ya bluu, akabadilisha katikati ya mji, akapanda ya kijani hadi Farsta. Huko alimwogesha, akampikia uji wa shayiri, akampaka mafuta miguuni, akasikiliza habari za kijiji chake.

Kijiji hicho sitakitaja. Ni kidogo sana, huko kaskazini-magharibi ya Ujerumani. Anton alikiacha baada ya vita akaja Sweden kufanya useremala, akaoa Mswidi, akamzika, akabaki na redio. Sasa kijiji kilikuwa kinajiandaa kusherehekea miaka mingi tangu jina lake liandikwe kwa mara ya kwanza katika karatasi za watawa fulani. Mwalimu mmoja mstaafu alikuwa akikusanya kumbukumbu za wazee ili zichapishwe kitabu, na kila nyumba ya kijiji ipewe nakala moja. Alimwandikia Anton na kumwomba kurasa mbili.

"Mzee Antoni haoni tena," mama aliniambia. "Wewe ulisoma Kijerumani shuleni. Utamwandikia."

Nilikubali kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba kwa mama yangu hakukuwa na njia ya kukataa. Ya pili ni kwamba nilitaka kuona mzee wa Kijerumani akijaribu kuruka miaka ya vita. Ndiyo, mwanangu, nilikwenda Farsta nikiwa tayari nimeshamhukumu.

Anton alikaa karibu na dirisha, mikono juu ya magoti, kama mtu anayepigwa picha. Nilipofungua daftari alisema, "Haya, Profesa, andika. Ukikosea nitakusikia."

Aliniandikisha kwa Jumamosi nne. Alinieleza jinsi nyumba za kijiji zilivyokuwa na majina yake zenyewe, tofauti na majina ya watu. Ukinunua nyumba unaitwa kwa jina la nyumba, utake usitake. Kwao kuliitwa kwa Fundi Magurudumu, na hakuna aliyekuwa ametengeneza gurudumu humo tangu babu wa babu yake. Alinieleza tanuri moja la mikate la kijiji kizima, ambalo kila nyumba ilikuwa na siku yake, na jinsi wanawake walivyojua hali ya nyumba yako kwa kuangalia mikate yako inavyotoka. Alinieleza mti ulionyolewa matawi na kupambwa kila mwezi wa tano, na vijana wa kijiji cha ng'ambo ya kijito waliokuja kuuiba. Alinieleza pia jinsi, yeye akiwa tayari Sweden, serikali ilivyoviunganisha vijiji vidogo kuwa halmashauri moja kubwa, na ofisi ya kijiji chake ikafungwa, kikabaki kibao barabarani.

Niliandika yote, nikichoka. Nilikuwa nangoja vita.

Jumamosi ya nne vikaja, lakini si kama nilivyotaka.

Alianza kwa kunieleza mambo ya jirani wa kwanza. Katika kijiji chao kila nyumba ilikuwa na jirani mmoja aliyewekwa tangu zamani, kwa kawaida wa nyumba iliyo karibu zaidi. Nyumba ikifiwa, wafiwa hawazunguki. Mmoja wao anakwenda kugonga mlango wa jirani wa kwanza, basi. Tangu hapo kazi ni ya jirani huyo. Anavaa koti jeusi, anatembea kwa miguu nyumba hadi nyumba, anasimama mlangoni bila kuingia, anataja jina la marehemu na siku ya mazishi. Aliyeambiwa anajua wajibu wake: hawa watachonga jeneza, wale watachimba kaburi, wengine watabeba. Asiyeambiwa haji. Si kwamba hana huruma. Kwao, kwenda msibani bila kuambiwa na jirani wa kwanza ilikuwa kumvunjia heshima mtu huyo.

"Sasa andika hili neno kwa neno," Anton alisema, na kwa mara ya kwanza hakuniita Profesa.

Niliandika hivi:

"Majira ya baridi ya mwisho ya vita, baba yake Hedwig, jirani yetu, alifariki nyumbani. Alikuwa ametoka kifungoni mgonjwa, kwa sababu alisema mbele za watu kwamba vita tumeshindwa. Sisi tulikuwa jirani wao wa kwanza. Hedwig alikuja kugonga, nikafungua mimi. Nilikuwa na miaka kumi na mitano, kama yeye. Akasema, 'Baba amefariki, tunaomba mtutembelee nyumba hadi nyumba.' Baba yangu alikuwa nyuma yangu mezani anakula viazi. Nikasema hayupo. Hedwig alikuwa anamwona. Nikafunga mlango. Hatukutembea, kwa hiyo hakuna aliyekuja. Siku ya tatu Hedwig na mama yake walivuta jeneza kwa mkokoteni hadi makaburini, nami nikawatazama kwenye ufa wa dirisha. Nyumba yetu ilikosa, na mimi nilikosa. Nawaambia nyumba zote."

Niliweka kalamu chini. Unajua nilisema nini, mwanangu? Sikusema pole. Nilisema, "Una uhakika hakuna aliyekuja? Uliangalia kwenye ufa tu."

Anton aligeuza uso upande wangu. "Mkokoteni ulikuwa na magurudumu mawili, Profesa. Na watu wawili. Hesabu hiyo hata ufa unatosha."

"Na Hedwig yuko wapi sasa?"

"Nyumbani kwao. Hajahama. Hatujasemezana tangu siku ile."

Mama alikuwa anakunja nguo kando yetu. Aliniuliza kwa Kiswahili mzee amesema nini, nikamfupishia. Aliacha kukunja. "Wawili tu?" aliuliza. "Msiba wa watu wawili?" Kisha akaenda kumwekea Anton kahawa ambayo hakuiomba.

Wakati huo chuoni tulikuwa tunafundishwa kuhakiki vyanzo. Kumbukumbu ya mzee baada ya miaka sitini ni chanzo dhaifu, na karatasi iliyoandikwa siku yenyewe ni chanzo chenye nguvu. Sisemi walimu wangu walikosea. Nilimwandikia yule mwalimu mstaafu barua pepe, nikamwomba aangalie kitabu cha mazishi cha kanisa. Akajibu upesi, kwa adabu: padri aliandika kwamba marehemu alizikwa kwa taratibu za kawaida, kengele ikapigwa.

Nilifurahi. Naona aibu kukuandikia neno hilo, lakini ndilo lenyewe. Nilikuwa nimemkamata. Si kwenye uongo, nilijiambia, bali kwenye kuchanganyikiwa kwa uzee. Nikawaza kwamba huenda mzee amejitengenezea hatia ndogo ya mlango na mkokoteni ili asizungumzie hatia kubwa zaidi ya kijiji kile. Nilikuwa na nadharia nzuri juu ya jambo hilo. Nilimweleza rafiki yangu wa chuo, naye akasema niiandikie insha.

Siku ya kupeleka maandishi ilipofika niliiondoa aya ile. Nikatuma tanuri la mikate, majina ya nyumba na mti wa mwezi wa tano. Nilijiambia nitamweleza Anton Jumamosi ijayo. Jumamosi ijayo nikawa na mtihani, na iliyofuata sikuwa na mtihani lakini sikwenda. Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Hakuna aliyenilazimisha, wala hakuna kilichonizuia kufungua mdomo.

Kitabu kilifika kwa posta mwezi wa sita. Anton alimwomba mama anilete. Alikuwa amevaa tai. Alikipapasa kitabu, akakinusa, akanipa.

"Nisomee za kwangu."

Nilisoma kurasa zake mbili. Zilipokwisha, ukurasa uliofuata ulikuwa picha tupu: wazima moto wa kijiji wamesimama mbele ya pampu yao, wote na masharubu. Anton alikuwa ameinamisha kichwa, anangoja. Nami, nikiwaangalia wazima moto wale, nikasema aya nzima kwa kichwa, tangu "Majira ya baridi" hadi "Nawaambia nyumba zote." Sikukosea hata neno.

Machozi yalimtoka na hakuyafuta. "Vizuri," alisema. "Leo nyumba zote zinacho. Sasa Hedwig atapiga simu."

Akamwomba mama asogeze kiti chake karibu na meza ya simu.

Wiki ya kwanza nilicheka kidogo moyoni, kicheko cha mtu anayeogopa. Wiki ya tatu mama alirudi Rinkeby jioni, akavua viatu, akabaki amesimama mlangoni.

"Mzee anakataa kuoga," alisema.

"Kwa nini?"

"Anasema simu inaweza kulia akiwa kwenye maji."

Nikainuka kumwekea chai.

"Leo alinambia, labda yule mama amesoma na bado ana hasira. Anasema ana haki. Lakini anangoja tu. Chakula anakula upande ule wa simu." Mama akakaa, akaniita kwa jina. "Shukuru, Hedwig iko wapi kwenye kile kitabu?"

"Mama, wewe hujui Kijerumani."

"Jina ni jina. Mzee alipolala nimepita ukurasa kwa ukurasa na kidole. Haimo."

Nikamjibu kwa Kiswidi, kama nilivyozoea kila nilipotaka kumshinda. Nilimwambia mambo ni magumu kuliko anavyofikiri, kwamba kuna kitabu cha kanisa, kwamba ushahidi wa maandishi unapingana na maneno ya mzee.

"Sema kwa lugha yetu," alisema. Nikarudia kwa Kiswahili, na kwa Kiswahili yale yale yalisikika kama upuuzi.

Mama hakupandisha sauti. "Unakumbuka siku ya mahojiano ya ukimbizi, yule mama wa ofisi? Aliniuliza karatasi ya kifo cha baba yako. Nikamwambia nilimzika kando ya barabara, mimi na mwanamke mmoja hata jina lake sijui, tulichimba na sahani. Akaandika: haijathibitishwa." Neno hilo alilisema kwa Kiswidi, bila kukosea hata sauti moja. Ni kati ya maneno ya Kiswidi aliyoyajua kwanza. "Wewe ulikuwa kwenye kiti, unachora gari. Nilidhani ulikuwa unasikia."

"Nilisikia."

"Bon, sawa. Na ile siku, ulimsomea nini mzee?"

"Niliyoyakumbuka."

"Kwa hiyo maneno unayajua yote kwa moyo, ila huyaamini." Akaondoka kwenda kuosha mikono. Kutoka huko akasema, "Jumapili baada ya ibada tunakwenda wote. Mimi nitakuwa bafuni. Wewe utasema."

Jumapili ile mama aliingia bafuni kwa Anton akafungulia maji makusudi, ili tubaki wawili. Nilisema yote. Nilitaja barua pepe, kitabu cha kanisa, mtihani, hata nadharia yangu. Anton alisikiliza huku mkono wake uko juu ya simu.

"Padri yule," alisema hatimaye, "aliandika hivyo hivyo kwa kila aliyekufa. Hata kwa mtoto wa dada yangu aliyezaliwa amekufa. Ungeniuliza ningekuambia."

"Samahani."

"Kwa nini hukuniuliza? Wewe unauliza kila kitu. Uliniuliza bei ya viazi mwaka wa mwisho wa vita."

Nilitazama mkono wake juu ya simu. Hata leo sababu ninayoijua ni moja: niliogopa angenijibu.

Akaniambia nipige simu. Namba aliijua kwa kichwa, ingawa hakuwahi kuipiga maisha yake yote. Hedwig mwenyewe akapokea. Walizungumza lahaja ya kijiji chao, ambayo sikuielewa zaidi ya neno kitabu, lililorudi mara tatu. Maongezi yalikuwa mafupi. Anton alisema kidogo, akasikiliza sana, akaaga, akanirudishia simu kana kwamba ni nzito.

"Ameniambia alikisoma jioni ileile kilipofika," alisema. "Alipoona jina langu alizipitia kurasa zangu mara tatu, anatafuta. Akakuta mikate."

"Umemwambia kwamba uliandika?"

"Nimemwambia. Akasema, 'Pengine.'" Akarudisha mikono magotini. "Anashukuru kwa simu. Lakini kasema yaliyotokea mlangoni kwangu anayajua siku zote, hakuhitaji kusikia kutoka kwangu. Alitaka zile nyumba nyingine zisikie. Mpaka leo wanamwambia hawakuja kwa sababu hawakuambiwa."

Hapo ndipo nilipoelewa, mwanangu, nami nilikuwa nimesimama jikoni kwake kwa miezi. Kitabu kimoja kwa kila nyumba. Mzee hakuwa anaandika historia. Alikuwa amevaa koti jeusi, akitembea nyumba hadi nyumba, miaka sitini baadaye, kutangaza msiba ambao baba yake alikataa kuutangaza. Alinikabidhi mimi miguu yake, nami nikakaa chini njiani kwa sababu ya karatasi ya padri.

Nilimwandikia yule mwalimu nikaomba aya ichapishwe kwenye karatasi ya pekee na kusambazwa. Alijibu kwa adabu ileile: sherehe imepita, fedha za uchapishaji zimekwisha, na isitoshe mambo hayo yanaweza kuwaumiza watu. Nikamwandikia tena, hakujibu. Anton akasema niache.

Jumapili ile ya simu, nilipokuwa naondoka, nilimuuliza kama nije tena Jumamosi. Alifikiri.

"Njoo. Unisomee gazeti," alisema. "Lakini soma yaliyoandikwa tu."

Nilikwenda kila Jumamosi mpaka alipofariki, na kila Jumamosi, kabla sijaanza, aliniuliza nilikuwa kwenye ukurasa wa ngapi. Hakuniuliza kwa chuki. Aliniuliza kama unavyoshika ukuta ukiwa huoni. Hedwig hakupiga simu, na sidhani alipaswa kupiga.

Sasa sikiliza, mwanangu, maana hapa ndipo nilipokuwa naelekea. Sikuambii uache kuuliza. Mimi mwenyewe sijaacha, na ukiacha nitakudharau. Nakuambia hivi: ukimtilia mtu shaka, mwambie usoni, siku hiyohiyo, ili apate nafasi ya kukujibu. Usiende kumpima nyuma ya mgongo wake halafu ukatoa hukumu asiyoijua. Mtu akikukabidhi maneno yake uyafikishe mahali, yafikishe kama yalivyo. Kama huwezi, mrudishie mapema atafute mwingine, hata ikibidi umwambie kwamba humwamini. Ukitaka kuandika mashaka yako, yaandike kwa jina lako, si kwa kukata ya mwenzako.

Ukishakosea, kiri kabla mtu hajasogeza kiti karibu na simu. Kila siku niliyonyamaza, mzee yule aliila kama adhabu yake mwenyewe. Hilo ndilo linaloniamsha.

Na kabla hujamwomba mtu karatasi ya msiba wake, mkumbuke bibi yako na ile sahani.

Mimi na Mungu bado hatujamaliza mabishano yetu, lakini mama angenikasirikia nikikuacha bila kukuombea. Basi nakuombea. Akujalie walimu wakali na marafiki wapole. Akupe akili isiyotulia na ulimi usiochelewa kuomba msamaha. Watu wakuamini kwa maneno yao, nawe uwe wa kuaminika. Na siku nyumba yako itakapofiwa, kwa kuwa hiyo siku humfikia kila mtu, asikosekane wa kuitembelea mitaa kwa ajili yako, na watu waje mpaka viti visitoshe. Amina.